Mwiko Mmoja, Chungu Kimoja

Honorata alikuwa na sheria moja ambayo hata mumewe, Nikodemu, alishachoka kuipinga: sabuni hukorogwa na mkono mmoja, kwa upande mmoja, hadi ishike. Mkipokezana inakatika, mafuta yanapanda juu, na hasara ni yako. Alifundishwa hivyo na mama yake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwa sabuni zake za mawese mtaani kwake Buzebazeba hakukosea. Tatizo ni kwamba aliibeba sheria hiyo hadi mahali pasipokuwa na sabuni.

Mahali penyewe palikuwa ndani ya simu. Mwaka 2018 mdogo wake Elida alikuwa amekwishahamishiwa nchi ya baridi pamoja na wazazi wao, wale waliovuka ziwa kutoka Kongo. Honorata alikuwa ameolewa na kutoka kambini, basi akabaki. Wakipigiana simu, maneno yaliisha upesi. "Kazi iko?" "Iko." Kisha kimya kinachouma. Ndipo Elida akamfundisha mchezo wa mtandaoni wa wachawi na majoka, na humo wakapiga soga saa nzima bila kutafuta la kusema.

Humo walitaka nyumba yao wawili. Mlango wake haufunguki mpaka upakwe rangi ya kichawi inayokorogwa chunguni kwa mwiko, na mchezo wenyewe ni mchoyo, unataja viungo tu: utomvu wa mti wa fedha, chumvi ya mwezini, magamba ya joka. Kipi kinatangulia, shauri lako. Honorata akafungua daftari. Magamba kwanza, moshi. Chumvi kwanza, uji. Kila jaribio lilimeza magamba ya kuwindwa wiki nzima, lakini alifurahi kupita kiasi, maana tangu aache shule hakuna aliyempa fumbo gumu namna ile.

Elida hakufurahi. Yeye aliwinda joka, akaleta magamba, kisha akasimama kando ya chungu, Honorata akikoroga peke yake. Akisogea tu, dada mtu anafoka, "Acha, utaikata rangi!"

Jumamosi moja mchana, Honorata ameketi uani sabuni zikikauka, yalibaki magamba ya jaribio moja tu.

"Yaya," alisema Elida, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "hii ikiharibika, mi naacha mchezo. Nimechoka kukuangalia."

Elida akiacha, ni kurudi kwenye "iko" na kile kimya. Honorata akalikodolea macho daftari. Viungo vitatu vina mipangilio sita, na yote sita alikuwa ameijaribu. Mmoja tu, utomvu, chumvi, halafu magamba, ulianza kung'aa ukakatika. Kitu ambacho hakijabadilika hata mara moja kilikuwa mkono wake. Aliona aibu.

"Elida, leta mwiko wako."

"Mimi?"

"Wewe na mimi. Pamoja."

Miiko miwili ikazunguka. Rangi ikaiva, nyekundu kama mawese mabichi, wakaupaka mlango, ukafunguka. Honorata akapiga vigelegele hadi Nikodemu akatoka nje mbio. Upande wa pili wa simu, Elida alikuwa analia.

"Unalia nini, na nyumba tumepata?"

"Hata kambini hukunipa mwiko wa sabuni, Yaya. Nilijua huniamini."

Honorata alitaka kumweleza habari za sabuni, jinsi inavyokatika. Akaacha.

"Tangulia wewe kuingia," akasema. "Mimi nakuja nyuma yako."