Mbuzi wa Dhamana

Mwaka ule wa ukame nilikuwa meneja wa tawi la benki ndogo pale Isiolo, na maji yalikuwa yamezidi unga. Wenye akiba walikuja kila asubuhi kutoa pesa wakanunue nyasi za mifugo. Tuliowakopesha hawakuwa wanalipa. Waliobaki na akiba walitaka riba nono, la sivyo wahamie benki kubwa ng'ambo ya barabara. Benki hula riba ya wakopaji inayobaki baada ya kuwalipa wenye akiba. Sisi tulikuwa tunalipa tu. Wueh! Makao makuu Nairobi wakanipigia: tawi lipate faida kabla ya mwaka kuisha, ama lifungwe.

"Uza wale mbuzi wa dhamana," bosi akasema.

Mbuzi walikuwa wa mzee mmoja wa kijiji cha Gotu, mkopaji wetu mkubwa, aliyewaweka kama dhamana ya mkopo wake. Nilimwendea mwenyewe.

"Mama wa benki," akaniambia, "mbuzi ya njaa haiuzwi. Mvua ikinyesha itazaa, na hiyo watoto ndio italipa wewe. Ngoja."

Hata mimi, Mmeru wa mashamba ya miraa, nilijua amesema kweli. Nikampigia bosi, nikambembeleza karibu nilie. "Benki haili mvua," akanijibu. Mtu ambaye hajawahi kuona mbuzi ila kwenye sahani! Nilikasirika, lakini nilikuwa na watoto shuleni. Nikatii.

Siku ya soko kila mtu alikuwa anauza. Wanunuzi walipapasa mbavu za wale mbuzi majike wakacheka: "Hii ni ngozi inatembea." Tulichopata hakikufika hata robo ya deni. Wafugaji wengine waliposikia, wakapeleka mifugo yao mbali na sisi, wakaacha kulipa kabisa. Nani angewalaumu?

Mvua ilinyesha wiki ambayo mafundi walikuwa wanashusha kibao cha tawi letu. Nilikuwa ndani nikifunga masanduku, nikiwaza kodi ya nyumba yangu mtaani Kiwanjani nitaitoa wapi. Mzee akaingia amelowa chepechepe. Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

"Habari, mama."

"Nzuri, mzee." Uongo mtupu.

Akanyoosha fimbo yake mlangoni, maji yakipita barabarani kwa kishindo. "Mvua ndio hii nilikuambia. Sasa mbuzi iko wapi?"