Siku Mtandao Ulipokataa Kukatika

Tangu tulipokimbia risasi kijijini Wamaza, pikipiki ikikohoa tu njiani naangusha nilichoshika. Shangazi yangu, aliyenipokea kwake Kasongo, alivumilia sahani mbili tatu za udongo, kisha akahamia za plastiki. Usingizi ulinikataa na moyo ulikuwa mzito. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyeniunganisha na mwanasaikolojia wa simu, mama mmoja wa mji wa mbali anayetibu kwa mazungumzo. Shangazi hakumwamini. Daktari asiye na sindano, alisema, ni mtu wa kupenda kujua mambo ya wengine.

Kwetu mtandao unashika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko, kando ya njia ya kisimani. Kila Jumatano nilipanda pale na kueleza yaliyo moyoni, huku wanawake wenye bidoni za maji wakipita polepole kuliko kawaida. Sikuwanyima kitu. Walipokaribia, nilizitia ndoto zangu chumvi kidogo.

Swali moja tu nililikwepa. Daktari akigusa habari za mdogo wangu, ambaye tulikimbia pamoja, naipulizia simu, nasema, "Allo? Allo? Haisikiki," halafu nakata. Nyumbani nako tulikuwa na ujanja wetu. Hatukuwa na mwili wala kaburi, kwa hiyo tulisema hajafika. Shangazi aliwauliza wauza samaki wa Nyangwe na watu wa pikipiki kutoka Kabambare kama wamemwona, na kila jioni alimwekea ugali kwenye sahani yenye kifuniko. Mimi nilimwona akianguka, na shangazi aliuona uso wangu siku nilipofika peke yangu. Asubuhi tulikula ule ugali baridi, kila mtu akitazama upande wake.

Jumatano moja nilipoanza kupuliza simu, daktari akaniwahi.

"Mama, nikikuuliza umekula nini, réseau ya simu iko muzuri. Nikiuliza juu ya mudogo yako, inakufa. Hii réseau yenu iko na akili sana."

Nilicheka. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka, nikajikuta nalia kwa sauti kubwa, juu ya kichuguu, simu sikioni.

Sasa, siku hizi kwetu habari ya kifo huja kwa simu. Mtu akionekana ameshika simu analia, hakuna anayeuliza. Kuuliza ni baadaye, kwanza unaleta mkeka. Bidoni zikatuliwa njiani. Kabla sijafuta makamasi, uani kulikuwa na kuni, sufuria na akina mama wa kanisani, na mwenye duka wa ng'ambo ya njia, Mwislamu, alikuwa amezima redio yake na kutuma birika la kahawa. Jirani mmoja, fundi wa kulia, alikuwa anagaagaa chini akimlilia marehemu ambaye hakujua kama ni mwanamume au mwanamke. Nilimwonea wivu, maana alilia vizuri kuliko mimi.

Shangazi akatoka jikoni, mikono ina unga. "Nani amekufa?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikatazama simu: mtandao ulikuwa umejaa. Niliogopa kuliko siku ile ya Wamaza, kwa sababu nikilisema hilo neno, mdogo wangu asingefika tena.

"Mudogo yangu," nikasema. "Alikufa kule Wamaza."

Shangazi alijifuta unga mikononi. Kisha akavua ndala, akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye mkeka wa watu.

"Eh. Basi mumulilie mutoto yangu."

Fundi wa kulia, aliyekuwa amepumzika, akaanza upya toka mwanzo, sasa akiwa na jina la kuita.

Ndani ya simu sauti ndogo ilikuwa inasema, "Allo? Allo? Bado unanisikia?"

"Ninakusikia muzuri," nikajibu.

Shangazi akaninyang'anya simu. "Docteur, utapiga Jumatano ingine. Leo tuko na matanga."

Jioni, ugali ulipogawiwa, aliichukua ile sahani yenye kifuniko, akaipakulia, akampa fundi wa kulia. Kwa mara ya kwanza ikaliwa ingali moto.