Jina Nililopewa Nisiliseme

Mwaka wa tisini na tisa mwanangu alikuwa Geita, anachimba dhahabu. Wakapita watu wa karatasi, wale wa uhamiaji, wakikagua wachimbaji. Yeye akaambiwa babu yake alitoka Urundi, basi aonyeshe kwamba baba yake alizaliwa nchi hii, la sivyo atavushwa mpaka. Akapewa mwezi mmoja.

Mume wangu nilikuwa nimeshamzika. Alizaliwa misheni na akabatizwa hapo hapo, lakini misheni ilipofungwa mapadri waliondoka na vitabu vyao kwenda Ulaya. Mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, ndiye aliyesema wanaweza kuulizwa kwa kompyuta. Tukatoka mtaani kwetu Kambarage kwa miguu mpaka mjini, kwenye duka la nguo la mzee mmoja wa Kihindi. Kompyuta yake ilikuwa imeungwa kwenye simu.

Mjukuu akatafuta mpaka akapata anwani ya mapadri wale. Akaanza kuwaandikia, kisha akanigeukia.

"Bibi, hapa wameandika kwamba mtoto wanamtafuta kitabuni kwa jina la ubatizo la baba yake. Baba yake babu alibatizwa nani?"

Nikaanza kufunga upya khanga yangu.

"Hulijui?"

Nalijua. Hapo ndipo nilipobanwa. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha jikoni akanitajia majina ya mumewe yote mawili, la nyumbani na la kanisani, ili nijue cha kukwepa. Mzee yule alipooa mke wa pili aliliacha la kanisani, hata wanawe hawakulisikia. Waliolijua wamekufa. Nimebaki mimi, niliyepewa ili nisiliseme.

"Basi liandike," akasema, akanipa kalamu.

Darasa la pili nilifika, herufi nazijua. Mkono haukwenda.

Mwenye duka akasema, "Mama, taja tu. Mkwe amekufa, hasikii."

"Wewe mama mkwe wako unamwita kwa jina?"

Akacheka, akarudi kukunja vitambaa vyake.

Nilikaa pale mpaka kiti kikaniuma. Nikinyamaza, mwanangu anapelekwa nchi asiyojua hata salamu zake. Nikisema, nimevunja nililolishika tangu nikiwa mwali. Mlango wa tatu sikuuona. Nikamvuta mjukuu, nikalisema.

"Sijasikia vizuri, Bibi. Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Jibu lilikuja mwezi ukiwa karibu kwisha: mume wangu yumo kitabuni, kuzaliwa na kubatizwa. Mwanangu akawaonyesha, wakamwacha aendelee na kazi yake. Mimi tangu siku ile kaburi la baba mkwe, kule Samuye, nalipita mbali.

Alipokuja kunisalimu, shikamoo haijapoa akaniuliza, "Mama, kumbe babu aliitwa nani kanisani?"

"Muulize binti yako," nikamwambia.