Tangazo Nyuma ya Mlango

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya viwanja, hapa Kamina, shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi, alinipa brashi na sufuria ya uji mzito wa muhogo. Uji ule ndio ulikuwa gundi yetu. Kisha akaniambia niandike jina langu, akasubiri mpaka akachoka.

"Weye unaandika sawa kinyonga anatembea. Shule iliishia wapi?"

"Ya sita ya primere, shefu."

"Haina neno. Kubandika haiombe diploma."

 Nilikuwa kijana mwenye haya, na haya hiyo sijaimaliza hata leo.

Ninyi vijana mjue kazi ilivyokuwa. Mtu akitaka kujenga, alileta dosye: ombi, ramani ya nyumba na mchoro wa parsele, yaani kiwanja chake. Kabla ya kukubaliwa, tulibandika tangazo siku thelathini, ili mwenye malalamiko aje aseme. Siku zikiisha, mbandikaji aliandika cheti kwa mkono wake kwamba karatasi ilikaa mahali pa kuonekana na watu wote. Bila cheti hicho, dosye haikutoka mezani.

Miaka ile ya vita, watu waliokimbia walijaa mjini, na kila kipande cha ardhi karibu na stesheni kilitafutwa. Mwezi wa saba ikaja dosye ya depo, ghala la bidhaa. Mwenye depo sikumwona hata mara moja. Karatasi zilitoka mkobani mwa shefu. Nilizoea kubandika nje, kwenye ukuta wa barabarani. Safari hii shefu akasema:

"Bandika ku mulango, upande wa ndani. Inje mvua italobesha."

Mvua gani, katikati ya kiangazi, vumbi limejaa hadi puani? Niliwaza hivyo, lakini nikabandika ndani. Wiki ileile shefu alikuja na baiskeli mpya. Huenda aliinunua, sikuuliza. Ila niliona kwamba kila asubuhi yeye mwenyewe aliusukuma mlango hadi ukutani na kuuwekea jiwe, na jioni yeye mwenyewe alitoka wa mwisho.

Siku ya thelathini nilikalishwa kuandika cheti. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "mahali pa kuonekana", na kalamu ikagoma. Hapo akaingia Mama Monga, mjane aliyeuza samaki wakavu wa Kinkondja kwenye parsele aliyoachiwa na mumewe. Hakuwa na nyingine. Asubuhi hiyo alikuta vigingi vimechomekwa katikati ya meza zake.

"Shefu, nani anajenga depo kwangu?"

"Tangazo ilikaa siku makumi tatu, mama. Ungelalamika."

"Ilikaa wapi? Minyi napita apa kila siku na kitunga ku kichwa, shikuona kitu!"

"Apa ku mulango. Labda samaki ilikufunika macho."

Makarani wawili wakacheka.

"Macho yangu inaona mayayi ya inzi ndani ya samaki, shefu. Karatasi njo itanishinda?"

"Uliza huyu, njo alibandika. Kijana, sema!"

 Niliweka kalamu chini, nikaenda mlangoni, nikaondoa jiwe kwa mguu, nikaufunga mlango. Karatasi ikatokea, nyeupe, haina hata alama ya kidole.

Mama Monga aliisogelea.

"Ee! Kumbe munatangaziaka ukuta."

Safari hii makarani wale waliinamia karatasi zao.

Cheti kile sikukimaliza. Siku thelathini zilianza upya, nje, barabarani, na wauza samaki wote wakaja kulalamika. Depo haikujengwa. Mimi nilihamishiwa Kabongo kwa barua isiyotaja sababu, chini ya msimamizi aliyeniita Mufunga-Mulango mbele ya wageni. Nilibandika matangazo huko hadi nywele zikawa nyeupe, yote upande wa nje.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kamina. Juzi nilikwenda ofisini kuulizia parsele ya binti yangu. Karani, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Baba, hakuna tangazo lolote." Nilimshukuru. Kisha nikaondoa jiwe, nikauvuta mlango.

Hapakuwa na kitu. Kesho nitarudi kuangalia tena.