Mkono wa Moza

Mimi nanyoa. Nilinyoa kwetu Magu nikiwa msichana, nikanyoa nilipoolewa na Yunus fundi viatu akanileta Mwanza mjini na kunifundisha kuswali, na hata leo nywele zangu zikifika urefu wa punje ya mchele naita wembe. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nina ugomvi wangu na wasusi au na wanaosukwa. Sina. Ninayosema juu ya Moza nayasema kwa sababu ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja, na kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mtaa huu wakimtaja kwa huruma.

Moza alikuwa msusi. Baba yake alikuwa mpagazi aliyetokea Ujiji, mama yake Mkerewe. Mumewe alikuwa mpishi kwenye meli ya Bukoba, na safari moja alishuka huko asipande tena, maana alikuwa na mke mwingine aliyepika vizuri kuliko yeye mpishi. Moza akabaki na mtoto mmoja wa kike, Zakia, na mikono yake miwili. Zakia alikua kwa vichwa vya watu. Chakula chake, gauni zake, viatu alivyoshonewa na Yunus, vyote vilitoka kwenye nywele za wanawake wa Mwanza.

Watu walikuwa wakisema Moza ana mkono. Kusuka wanajua wengi, lakini mkono ni jambo jingine. Ukisukwa na mwenye mkono, nywele hukua. Ukisukwa na asiye nao, hukatika hata kama msuko wenyewe unapendeza. Wanawake walimjia kutoka Kirumba, wengine kutoka Buzuruga kwa miguu, wakakaa kwenye mkeka uani kwake na kumwachia vichwa vyao. Alichana kuanzia kwenye ncha, akipanda polepole kuelekea kwenye shina. Aliyelia aliambiwa atulie, akatulia.

Mafuta alipika mwenyewe, ya nyonyo. Mbegu tulizinunua kwa wanawake waliotoka Kisesa siku za soko. Yeye alizikaanga, mimi nikazitwanga, maana nina mabega ya jembe, kisha akachemsha na kuengua mafuta yaliyopanda juu, na mwishoni akatia karafuu. Siku hiyo mtaa mzima ulinukia, na walioyataka mafuta walikuwa wengi kuliko chupa.

Kichwa chake mwenyewe hakikujulikana. Kilikaa ndani ya kilemba tangu alfajiri. Siku moja nilimkuta amevua kilemba, nikaona nywele kavu, zimeshikana, upande mmoja fupi kuliko mwingine. Nikacheka sana.

"Dada Moza, msusi gani wewe?"

"Nitajisuka saa ngapi, Kija? Nikimaliza vichwa vyao mikono yangu imekufa ganzi."

Mwaka wa hamsini na sita alifariki Mwaija, rafiki yake tangu utotoni. Homa ilimchukua ndani ya juma moja. Nilikuwemo ndani wakati anaoshwa. Mwosha, bibi mmoja wa makamo, alisema maiti ya mwanamke husukwa mikia mitatu ikalazwa nyuma, akauliza nani atasuka. Walikuwemo wasusi wengine mle ndani, wote wakawa wanatazama ndoo. Moza akasogea.

"Kichwa hiki nakijua mimi," alisema.

Alimchana Mwaija kuanzia kwenye ncha, kama siku zote, bila kumvuta. Alitenga nywele katika mafungu matatu, akasuka taratibu, machozi yakimdondoka hata akalazimika kujifuta kwa mkono wa nguo. Waliokuwemo walimsifu. Walisema huo ndio urafiki, na kwamba Mungu atamlipa. Walisema hayo kwa vinywa vyao, nami nikiwasikia.

Haikupita miezi miwili, mke wa Bilali muuza nyama, mteja wa Moza, akaanza kutoka nywele. Alikuwa amejifungua karibuni, na kila mwanamke aliyezaa anajua nywele zinavyotoka wakati ule, hata mimi ninayenyoa najua. Yeye aliziokota kwenye mto, akazifunga kwenye kitambaa, akazipeleka sokoni kuwaonyesha watu.

"Ni ule mkono," alisema. "Mkono uliosuka maiti utamsukaje aliye hai?"

Hakuna aliyekuja kumgombeza Moza, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wangekuja kumtukana, ningetoka na mchi wangu tukamalizana. Walimsalimu vizuri. Walimwulizia afya yake. Huyu alikuwa na homa kidogo, yule alikuwa na mgeni, wa tatu alikuwa anapumzisha nywele. Halafu unamwona Ijumaa anapita na msuko mpya, ushungi ameuvuta mbele ili Moza asiuone. Mkeka ulikaa uani umekunjwa. Moza akaanza kuuza vitumbua.

Alibakiwa na kichwa kimoja, cha Zakia. Zakia alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tii, na tangu utoto hazikuwahi kuguswa na mtu mwingine. Alipochumbiwa na Abeid, kijana mwenye duka kule Magu, Moza alifurahi kuliko bibi harusi mwenyewe. Tulikuwa tunakaanga nyonyo siku hiyo, akaniambia lililokuwa moyoni mwake.

"Nitamsuka harusi yake, Kija. Watamwona. Halafu watamwona tena mwakani na nywele zimezidi. Yatakwisha haya."

Nilitwanga mbegu zile kwa nguvu zangu zote.

Juma la harusi, Zakia alikuja kumkuta mama yake uani, mchana. Mimi nilikuwa nimekaa pale nachagua mchele, na hawakunificha.

"Mama, wamesema watakuja na msusi wao."

"Nani kasema?"

"Mama yake Abeid."

"Na wewe umesemaje?"

Zakia alitazama miguu yake. "Wanasema mkono ule utanifunga uzazi. Mimi nataka kuzaa, mama."

Moza hakumpiga, hakumlaani. Aliinuka akaenda kukoroga unga wa vitumbua. Mimi ningempiga.

Siku yenyewe msusi akaja kutoka Kirumba. Walijifungia na Zakia chumbani mwa Moza, kwenye kitanda cha Moza, pazia limeshushwa. Sisi tulikuwa nje tunapika. Sauti ikatoka ndani: "Mama, tupe yale mafuta!" Ilikuwa sauti ya Zakia. Moza alinawa mikono, akaifuta vizuri kwa kanga, akachukua chupa ya mafuta mapya na kwenda nayo mpaka kwenye pazia. Mkono wenye bangili ukatoka kuipokea, kisha ukasita.

"Iweke tu chini, Bi Moza," alisema yule msusi. "Nitaiokota."

Akaiweka chini. Mafuta yake walikuwa wanayataka. Akasimama pale mbele ya pazia la chumba chake mwenyewe mpaka nilipokwenda nikamshika bega, nikamrudisha jikoni. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia.

Zakia akaenda Magu na mumewe. Alhamisi iliyofuata, baada ya adhuhuri, niliona Moza ameutandaza ule mkeka uani. Nikafikiri amepata mtu. Nikachungulia: amekaa peke yake, kilemba kiko kando.

Ndivyo ilivyoanza, na tangu siku hiyo Alhamisi yake haikuguswa. Vitumbua havikupikwa. Alikinga maji ya mvua kwenye pipa chini ya bati, na kiangazi alinituma ziwani asubuhi kabla wanaooga hawajayachafua. Sabuni ya kufulia aliiacha kabisa kichwani. Aliponda majani ya mlenda kwenye maji, akajiosha kwa ule utelezi, akasuuza. Alikausha kwa kanga kuukuu bila kusugua. Halafu alichovya vidole kwenye mafuta, akaanza kutafuta njia kichwani mwake, bila kioo, macho ameyafumba.

Alikuwa hakijui kile kichwa. Ndivyo alivyoniambia. Alikuta kovu juu ya sikio, akakaa kitambo mpaka akakumbuka jiwe aliloangukia utotoni kule Ukerewe. Alikuta mahali palipokuwa pakavu, akaacha kupafunga kwa nguvu, akawa anapapaka kila jioni kwa ncha ya kidole. Alijua sasa ni nini kinamwasha na nini kinamtuliza. Nywele zilizobaki kwenye chanuo alizikusanya akazizika chini ya mpapai. Kazi ambayo kwa mteja ingekwisha mapema, kwake ilikula mchana wote.

"Kichwa kimoja tu, dada?" nilimwuliza.

"Vichwa vyao nilivisuka nikiwaza cha anayefuata," alisema. "Hiki hakina anayefuata."

Nywele zikakua. Mwaka wa pili zilimfika mabegani, laini, zimeshiba mafuta, nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwake. Ilikuwa vigumu kuzificha. Wanawake walioziona bombani walimwuliza nani anamsuka, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuelekezwa nyumba.

"Mimi mwenyewe," alijibu.

Wakajitwisha ndoo zao. Mke wa Bilali hakunyamaza. Alisema si ajabu hata kidogo, kwani zile zilizokatika kwa watu zilikuwa zimekwenda wapi? Basi ikawa hivyo: nywele zao zilipotoka, kosa ni la Moza, za Moza zilipokua, kosa ni la Moza.

Hakusuka mitindo. Alijisuka mikia mitatu mitupu, akailaza nyuma, akafunga kilemba. Mara ya kwanza nilishtuka.

"Dada, huo si ule wa Mwaija?"

"Ndiyo huo."

"Kwa nini sasa?"

"Siku yangu ikifika nisimpe mtu kazi. Watanikuta tayari."

Nilimwambia aache mambo hayo, akacheka kidogo, akaniomba nimshikie kioo aone kama nyuma imenyooka. Ilikuwa imenyooka.

Siku yake ilifika Desemba ya sitini na moja, siku zile zile za Uhuru. Kifua kilimbana siku chache. Nilimtuma mtu Magu kumwita Zakia, akaja kwa basi, ana mimba ya kwanza, akamkuta mama yake bado anapumua lakini hasemi. Mji mzima ulikuwa unajipamba. Bendera zinashonwa, nyimbo zinafanyiwa mazoezi, na wanawake wote wa mtaa walikuwa wametoka kusukwa kwa ajili ya sherehe. Vichwa vinang'aa. Moza akafa asubuhi, na hao ndio waliokuja msibani.

Mwosha alikuwa yule yule, sasa macho yamefifia. Tulimvua Moza kilemba. Mikia mitatu ilikuwepo, ya Alhamisi iliyopita, na nikasikia wenzangu wanavuta pumzi kwa jinsi nywele zilivyokuwa. Nikasema moyoni, amewaweza, hakuna wa kumsuka tena. Lakini mwosha aliipapasa, akasema ifunguliwe, maji lazima yafike kwenye shina. Tukafungua. Zikaoshwa, zikatandazwa juu ya ubao, nyeusi, zinatiririka maji.

"Haya," alisema yule bibi. "Nani anasuka?"

Kila mmoja alikuwa na msuko wake mpya wa Uhuru kichwani. Wakatazama ndoo, kama siku ile ya Mwaija.

"Si mtoto wake wa kike yupo?" mwosha aliuliza.

Zakia alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kanga. "Nina mimba, bibi," alisema. "Mume wangu amenikataza."

Nikasuka mimi, nisiyejua kusuka. Nilitenga mafungu matatu kama nilivyomwona akitenga, nikasokota kama mtu anayesokota kamba ya mbuzi, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wa tatu umepinda. Nilimwomba radhi kwa sauti, wasikie. Nilichana kuanzia kwenye ncha.

Baada ya maziko, wengine walipokwenda kujiandaa kwa sherehe zao, Zakia alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda, akavua ushungi, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Nywele zile nyingi zilikuwa zimekatika. Mbele karibu hapana kitu. Mkono wa mama yake haukuwa umekigusa kichwa kile tangu kabla ya harusi.

"Mama mdogo," alisema, "ile chupa ya mafuta ya mama iko wapi? Zinanitoka sana."

Nilikwenda nikaileta, nikampa. Ilikuwa ya mama yake, si yangu. Aliinyanyua kwenye mwanga akaona yamebaki nusu.

"Yakiisha nitafanyaje? Unajua alivyokuwa anayapika?"

Zilikuwa nyonyo kutoka Kisesa, alizozikaanga yeye na kuzitwanga mimi, kwa mchi ule uliosimama pale pale nyuma ya mlango wangu.

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. "Hayo alikuwa anayajua mama yako peke yake."