Jumapili ya Injini Sita

Huibert hakujua kukaa. Katika maisha yake yote ya kulima nyanya katika nyumba za vioo, pale Naaldwijk, Uholanzi, alikula amesimama na aliongea huku sikio likiwa kwenye banda la injini. Injini hiyo ya gesi ilimpa joto la mimea, moshi wake uliochujwa uliyapa majani hewa ya kaboni, na umeme wake aliuuza kwenye laini ya umeme. Ikinyamaza, yeye alihangaika.

Kando ya mfereji wa pale wakulima sita, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa na injini kama hiyo, na laini ilikuwa moja. Siku za kazi, maghala ya kufungashia mazao yaliutumia umeme wao. Jumapili maghala yalifungwa, umeme ukakosa pa kwenda, nguvu ikapanda kwenye nyaya. Sasa binti yake, Jorien, alikuwa amejenga nyumba yake ya kwanza ya vioo mwisho wa njia, na kampuni ya umeme ilimwambia laini imejaa. Ataunganishwa endapo wale sita watawasha mmoja mmoja, kwa zamu, kila Jumapili, na majira ya baridi yapite bila laini kuzidiwa hata mara moja. Wote waliahidi, Huibert akiwa wa kwanza.

Baridi ilikuwa inaelekea ukingoni Leuntje, mkewe, alipofanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, Jumapili moja. Viti vilipangwa duara. Kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila mtu na kumpongeza, kana kwamba wote wamezaliwa siku hiyo. Jorien alimimina kahawa; kila mtu kipande kimoja cha keki. Wakulima wote sita walikuwepo.

"Kaa, bwana," Leuntje alisema.

"Nimekaa."

"Umening'inia."

"Mpe injini yake aipakate, dada," alisema Arend, shemeji yake, mkulima wa pilipili hoho. "Atatulia kama mtoto."

Watu walicheka. Huibert alitazama dirishani. Mapanga ya mitambo ya upepo kule mbali yalikuwa yamesimama. Upepo ukilala jioni, watu wakianza kupika, bei ya umeme hupaa. Hilo kila mtu katika duara lile alilijua. Simu, ambazo ndizo ziliwasha injini, zilichunguliwa chini ya visahani.

Ng'ambo ya mfereji injini ilianza kunguruma. Ilikuwa zamu ya Mama Griet, mmoja wa wale sita, hakuna ubaya. Kisha ikanguruma nyingine.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" Huibert aliuliza.

Watu waliisifu keki. Arend alikuwa ameingiza mkono mfukoni, akitazama dari.

Ilipoanza ya tatu, Huibert aliinuka. "Naleta maziwa."

Jikoni alisimama na simu mkononi. Kama wenzangu wameshawasha, alijiambia, yangu moja itaharibu nini? Alimfikiria Jorien. Alimfikiria kweli, kisha kidole kikabonyeza. Nyuma ya nyumba injini yake ilikohoa, ikashika, na kifua chake kikalegea kwa mara ya kwanza siku ile.

Ng'ambo zikaitikia nyingine mbili, na taa juu ya sinki ikawa nyeupe mno. Kisha mingurumo ikakatika, mmoja baada ya mwingine, mpaka kukawa kimya. Laini ilizidiwa, na injini zote sita zilikuwa zimejizima zenyewe.

Simu zikaanza kulia sebuleni, zikitangaza injini zimezimika. Mlio ulikuwa mmoja, maana vifaa vya kuwashia walinunua mahali pamoja. Jorien alisimama katikati ya duara na birika la kahawa, akigeuka kwa kila simu. Ya Mama Griet. Ya Arend. Zikawa tano. Ya sita ililia jikoni.

Alikuja mlangoni.

"Baba, simu yako inaita."

"Nilifuata maziwa."

"Maziwa yako mezani."

Alimwangalia kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao cha njia aliyodhani anaijua. "Twende ukakae," alisema.

"Kampuni itakuwa imeshaona," Arend alinong'ona.

Huibert alikaa. Aliegemea kiti kwa mgongo wote, na safari hii hakuna aliyemtania. Nje hapakuwa na cha kusikiliza. Kutoka pale aliiona nyumba ya vioo ya Jorien mwisho wa njia, tupu, ikizidi kuwa nyeusi, huku binti yake akimjazia kikombe mpaka ukingoni.