Panya Mzembe Hukamatwa Kwanza

Saa moja kasoro asubuhi. Mama Panya anasimama mbele ya stoo ya chakula, mikono mgongoni, akimngoja mlinzi aje na ufunguo. Miaka kumi na tisa ufunguo huo ulining'inia shingoni mwake. Siku hizi hata pumba anapima huku akitazamwa.

"Mnaogopa nini? Nitakula chakula cha panya?"

"Shangazi, mimi nimetumwa tu," mlinzi anajitetea.

Kazi ya Mama Panya ni kulisha panya na kusafisha vizimba katika maabara inayopima sumu. Mwaka huu ilijaribiwa dawa ya kunyunyizia mboga. Panya kumi walipewa dawa, kumi wengine maji matupu ya kulinganishia; wa dawa wakafa saba. Wakarudia, dawa ileile, kipimo kilekile. Wakafa wawili.

Daktari anayesimamia majaribio akatafuta mkono wa mtu ulioharibu jaribio, na uliokuwa karibu ni wa Mama Panya. Akamnyang'anya ufunguo, akampa mwezi mmoja: jibu lisipopatikana, afungashe.

"Kitu kikipotea, anayefagia ndiye hupekuliwa kwanza," anasema Mama Panya, akijaza maji chupa za vizimbani. "Lakini na mimi nina macho. Nikaanza kumchunguza Daktari mwenyewe."

Akakumbuka jambo dogo. Mara ya kwanza, Daktari alipotoa panya kwenye sanduku kubwa, alijaza kwanza vizimba vya dawa. Mara ya pili alianza na vya maji matupu.

"Tia mkono humo uone. Unaowakamata kwanza ni wazembe na wagonjwa. Wazima wanakupiga chenga mpaka mwisho. Sasa wagonjwa unawapa sumu, halafu unashangaa wamekufa?"

Daktari alipoambiwa, alicheka. Akafungua daftari la uzito wa panya: mara ya kwanza, waliopewa dawa walikuwa wepesi kuliko wenzao. Akaacha kucheka.

Ufunguo, hata hivyo, hakuurudisha.

Leo linaanza jaribio la tatu, kwa kura: vikaratasi ndani ya kofia ya mlinzi, kila panya na kizimba chake. Chupa za dawa na za maji zina namba tu. Anayejua siri ya namba hizo ni karani, naye yuko jengo la pili. Hilo ni sharti la Mama Panya.

"Daktari akaniuliza, 'Mama, hata mimi nifichwe?' Nikamwambia, 'Baba, mimi nimefichwa ufunguo. Na wewe fichwa dawa.'"

Anachoomba ni jaribio la tatu na la nne yatoe jibu moja. Hapo ufunguo urudi shingoni, na kura iandikwe katika kanuni za kazi, "ili kesho asisingiziwe mwingine."

Anatia mkono sandukuni. Panya wa kwanza anatulia kiganjani, mlegevu.

"Haya, chota karatasi," anamwambia mlinzi. "Na usichungulie."